Shangazi, ungo na dirisha moja: kuchora tukio tulivu kwa rangi za mafuta ukiwa Moshi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kuchora kwa penseli hadi sura ikatambulika, lakini hajawahi kumaliza picha ya rangi za mafuta kwa njia ya zamani: tabaka juu ya tabaka, mtu halisi mbele yako, chumba kimoja. Tutatumia tukio moja tangu mwanzo hadi mwisho. Shangazi amekaa karibu na dirisha, ungo mapajani, anachambua mchele. Ukitaka, mweke fundi cherehani au binti anayesoma. Kazi ni ileile.

Niseme msimamo wangu mapema, maana utaonekana katika kila hatua. Picha ya namna hii haitulii kwa sababu ya mada. Mwanamke anayechambua mchele anaweza kutoka na kelele kuliko stendi ya mabasi. Picha hutulia pale mwanga unapoingia kutoka upande mmoja, na giza na nuru vikapangwa kabla rangi yoyote haijafunguliwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya haigusi rangi kabisa.

Hatua ya 1: Chagua dirisha, na ujue mwezi

Mafunzo ya Ulaya humwambia mchoraji atafute dirisha linaloelekea kaskazini. Kwao ni sahihi: jua lao hupita upande wa kusini mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga tu, usio na miale, usiobadilika ghafla. Ukiibeba kanuni hiyo hadi Moshi bila kufikiri, itakuangusha nusu ya mwaka.

Sisi tuko takribani nyuzi 3 na theluthi kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini, yaani upande wa mlima. Miezi hiyo tumia dirisha linaloelekea kusini, upande wa mashamba ya miwa ya TPC na Arusha Chini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua limehamia kusini, basi geuka utumie dirisha linaloutazama Kilimanjaro. Walio Arusha wafanye vivyo hivyo, Meru ikiwa ndiyo alama yao ya kaskazini. Mwenye chumba kimoja chenye dirisha la mashariki asikate tamaa. Afanye kazi mchana baada ya jua kuvuka paa, na aliye na la magharibi afanye asubuhi.

Kuna faida moja ya hapa ambayo Amsterdam hawana. Jua letu la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 63 hivi kutoka upeo wa macho, hata Juni. Kwa hiyo paa lenye baraza au hata upenu wa kawaida huzuia miale kuingia moja kwa moja saa za katikati ya mchana. Tatizo letu ni asubuhi mapema na jioni, pamoja na ukuta wa jirani uliopakwa rangi kali. Ukuta wa kijani mita chache kutoka dirishani utamtia shangazi ukijani shavuni, nawe utahangaika na paleti bila kujua mchawi ni nani.

Mwezi pia una maana kwa sababu ya mawingu. Juni hadi Agosti, asubuhi nyingi Moshi huamka imefunikwa na mwanga hukaa vilevile kwa saa kadhaa. Kwangu huo ndio msimu wa kuchora watu. Januari na Februari anga iko wazi na mwanga unakimbia. Hapo panga kazi kwa saa zilezile kila siku, tuseme saa tatu hadi saa tano asubuhi, na saa ikiisha simama hata kama mkono umechangamka.

Sasa andaa chumba. Zima taa. Funika madirisha mengine kwa blanketi au vitenge viwili vilivyokunjwa, maana mwanga wa pili ndio unaoua kivuli. Ikiwa wavu wa mbu umeshika vumbi jingi, uoshe. Unakula mwanga zaidi ya unavyodhani. Nondo za dirisha hazina neno mtu akikaa mita moja hadi moja na nusu kutoka dirishani, kwa kuwa vivuli vyake vimeshayeyuka kufikia hapo. Mweke shangazi ubavu ukielekea dirisha, na wewe kaa mahali ambapo dirisha hilohilo linaangaza pia ubao wako. Anayetumia mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, la sivyo kivuli cha mkono wake kitakuwa juu ya kazi muda wote.

Mwombe ageuze uso polepole. Utaona mahali ambapo upande wa giza wa uso unabaki na kipande kidogo cha nuru, kama pembetatu, chini ya jicho. Hapo mwambie, "Hapohapo, Shangazi."

Hatua ya 2: Mkao, na vitu vya kuondoa

Mtu mzima hakai saa mbili bila kutikisika, na si adabu kumdai hivyo. Dakika 20 za kukaa, dakika 5 hadi 10 za kunyoosha miguu. Kabla hajainuka, weka alama za chaki sakafuni kwenye miguu ya kigoda na visigino vyake, na alama nyingine ukutani nyuma ya kichwa. Kuchambua mchele kuna uzuri wake hapa: mikono inarudi palepale kila mara, kwa hiyo utachagua tendo moja, mathalani vidole vya mkono wa kulia vimeshika punje, na kulingoja lirudi. Kama unamchora jirani au mtu usiye na undugu naye, elewaneni mapema kuhusu malipo na kuhusu picha itakapokwenda. Wapo wasiotaka sura zao zining'inie hotelini kwa watalii, na wana haki.

Usitegemee picha ya simu. Kamera ya simu huchoma dirisha likawa jeupe tupu na kuzamisha vivuli vikawa weusi mtupu, wakati jicho lako linaona mambo ndani ya vivuli hivyo. Piga moja ya kukumbusha mikunjo ya kanga, basi.

Kisha anza kuondoa. Kalenda ya mwaka juzi, chaja, ndoo, televisheni iliyofunikwa kitambaa, vyote vinasema kwa sauti. Johannes Vermeer wa Delft (1632–1675) alipochora mtumishi anayemimina maziwa, picha iliyopo Rijksmuseum, Amsterdam, alianza kwa kuweka ukutani nyuma ya mwanamke ubao wa kutundikia majagi, na chini kapu la moto. Uchunguzi wa jumba hilo la makumbusho uliotangazwa 2022 ulionyesha kwamba alivifuta vyote viwili na kuacha ukuta mtupu. Picha yenyewe ni ndogo, sentimita 45.5 kwa 41, na ukuta ule usio na kitu ndio unaoibeba. Vilhelm Hammershøi wa Copenhagen (1864–1916) alikwenda mbali zaidi: mara nyingi alimchora mkewe Ida kwa nyuma, shingo na kisogo tu, katika vyumba vya kijivu ambavyo karibu vyote vimeondolewa vyombo. Kama mtu wako anaona haya kuonyesha uso, unayo njia hiyo.

Lakini usiondoe hadi chumba kisijulikane ni cha wapi. Ule ukuta wa nyumba zetu uliopakwa rangi ya maziwa juu na rangi ya kung'aa ya kahawia chini, uache. Mstari ule unaokata ukuta kwa mlalo ni zawadi ya mpangilio: huupa mgongo wa shangazi kitu cha kuegemea, na sehemu ya kung'aa hurudisha nuru kidogo.

Wa kwetu pia walichora nyumbani. Sam Ntiro (1923–1993), mtoto wa Machame aliyesoma Makerere na chuo cha sanaa cha Slade, London, alichora maisha ya Uchaggani. Picha yake ya 1956 ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika mkusanyo wa Museum of Modern Art, New York. Njia yake si hii tunayofuata, kwani maumbo yake ni bapa na hayafuati mwanga wa dirisha. Mtazame kwa ajili ya mada.

Hatua ya 3: Ubao

Kwa picha ya kwanza napendekeza ubao badala ya turubai la kuvuta kwenye fremu. Hadibodi au plaiwudi laini, sentimita 40 kwa 50, fundi seremala atakukatia ukingoja. Ubao haunyumbuki, kwa hiyo rangi haipasuki kirahisi, na unaweza kuusafirisha kwa basi bila kutobolewa na kona ya sanduku la mtu. Ukipenda mguso wa kitambaa, nunua marekani isiyotiwa rangi, ifue kwa maji ya moto iruke kabisa, kisha ibandike juu ya ubao kwa gundi nyeupe ya mbao.

Piga msasa kidogo. Paka gundi nyeupe iliyopunguzwa, sehemu moja kwa mbili za maji, mbele, nyuma na kwenye kingo. Nyuma ni lazima, kwani ukipaka upande mmoja tu ubao utajikunja masika yakifika. Ikikauka, paka jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya msingi ya wachoraji, mara tatu, nyembamba, kila tabaka likivuka lililotangulia kwa mwelekeo tofauti, na msasa laini katikati. Ukikosa jeso, usichukue rangi ya maji ya ukutani ya bei rahisi kama mbadala. Ina unga mwingi na gundi kidogo, na rangi ya mafuta itabanduka nayo. Bora kungoja mtu anayetoka Nairobi au Dar akuletee kopo moja. Baada ya tabaka la mwisho acha siku tatu.

Hatua ya 4: Vifaa vya kupaka

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta utapewa kopo la rangi ya milango. Hiyo ina historia yake tukufu: Edward Saidi Tingatinga na wenzake, kuanzia 1968 Dar es Salaam, walitumia rangi za namna hiyo, za kung'aa, juu ya hadibodi, na mtindo wao unaidai. Kwa kazi yetu haifai. Inaanza kushika haraka mno, na sisi tunahitaji rangi inayobaki laini siku nzima ili shavu liyeyuke polepole kuelekea kivulini. Tafuta tyubu za wachoraji.

Huhitaji nyingi. Nyeupe ya titani, tyubu kubwa. Oka ya njano. Nyekundu nyepesi ya kadimi. Nyeusi ya pembe. Amba mbichi na amba iliyochomwa, hizi kahawia mbili za udongo. Bluu ya ultramarini. Saba. Anders Zorn wa Uswidi (1860–1920) anajulikana kwa paleti ya rangi nne tu, nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi, na mtu akinilazimisha kupunguza ningeanzia hapo, ingawa kwa ngozi yetu singependa kuikosa amba iliyochomwa.

Mafuta: ya mbegu za kitani yaliyosafishwa kwa ajili ya wachoraji. Yale ya seremala yaliyochemshwa yana dawa ya kukausha na hugeuka kahawia. Alizeti ya jikoni hata usijaribu, itanata miezi. Tapentaini safi, kiasi kidogo, madirisha wazi. Mafuta ya taa yaoshe brashi ukikosa kingine, lakini yasiingie kwenye rangi.

Brashi tano au sita zinatosha: bapa ngumu za namba kubwa, na mbili laini za ncha. Brashi ngumu za asili ni manyoya ya nguruwe. Asiyetaka kuzishika atumie nailoni ngumu, hazina upungufu wowote kwa kazi hii. Paleti nzuri kuliko ya mbao ni kipande cha kioo kutoka kwa fundi vioo, kingo zikisuguliwa, chini yake karatasi ya kijivu.

Hatua ya 5: Mchoro

Chora kwa mkaa kwenye karatasi ya ukubwa wa ubao kwanza. Simama hatua tatu nyuma. Nyoosha mkono bila kukunja kiwiko, shika spoku ya baiskeli, funga jicho moja, pima kimo cha kichwa, kisha uone kinaingia mara ngapi hadi kwenye ungo, hadi kwenye goti. Funga jiwe kwenye uzi upate timazi kama la fundi mwashi, uliachie mbele ya macho yako: nini kiko chini ya sikio? Chini ya bega? Makosa mengi ya mtu aliyekaa yanatokana na mapaja. Tunajua paja ni refu, hivyo tunalichora refu, wakati mbele yetu linatujia na linaonekana fupi sana. Amini spoku.

Ungo ni duara linaloonekana yai. Uchore wote, hata sehemu iliyofichwa na mikono, halafu ufute isiyoonekana.

Mchoro ukikubali, paka unga wa mkaa nyuma ya karatasi, laza juu ya ubao, fuatisha mistari kwa penseli ngumu. Imarisha alama hizo kwa amba mbichi iliyopunguzwa na tapentaini, kwa brashi ya ncha. Peperusha mkaa uliobaki.

Hatua ya 6: Picha nzima kwa kahawia peke yake

Hapa ndipo kazi ilipo, wala usiharakishe.

Punguza amba mbichi kwa tapentaini, paka ubao wote wepesi, kisha pangusa kwa kitambaa hadi ubaki na kahawia ya kati. Weupe umeondoka, na sasa jicho linaweza kupima. Amba mbichi ina manganizi, nayo huharakisha kukauka. Ndiyo maana wazee waliianzia.

Finya macho hadi chumba kipoteze maelezo. Utaona vipande vikubwa tu: dirisha na bega lenye nuru, ukuta wa kati, kivuli kikubwa kinachounganisha mgongo, kigoda na sakafu. Jilazimishe kwa toni tano, yaani ngazi tano kutoka giza hadi nuru. Ya kwanza, giza kuu: chini ya kigoda na kwenye mkunjo wa kanga kiunoni. Ya pili, upande wa kivuli wa uso na mikono pamoja na sehemu ya chini ya ukuta. Ya tatu, ukuta wa juu ulio mbali na dirisha. Ya nne, ngozi inayopokea nuru, kanga inayopokea nuru. Ya tano, mchele na kingo ya kilemba tu.

Ona kwamba mchele ndio wenye toni ya juu peke yake. Hilo ni uamuzi, halikutokea. Ukuta wa maziwa karibu na dirisha nao ni mweupe ukiutazama, lakini ukiupa nguvu ileile ya mchele, macho ya mtazamaji yatakuwa yanakwenda na kurudi baina ya viwili. Ushushe ukuta. Giza weka kwa amba zaidi. Nuru pata kwa kupangusa rangi kwa kitambaa hadi jeso ichungulie. Usitumie nyeupe bado.

Vivuli viunganishe. Mwanafunzi huchora kivuli cha pua, kivuli cha kidevu, kivuli cha shingo, kila kimoja na mpaka wake. Kwa macho yaliyofinywa vyote vitatu ni bwawa moja. Chora bwawa.

Simama mbali, tazama ubao kwenye kioo cha kujitazamia ukiwa umegeuka. Picha ikisomeka kinyumenyume kutoka upande wa pili wa chumba, iache ikauke siku mbili au tatu. Isiposomeka, rangi haitaiokoa.

Na kabla hujaenda kula: matambara. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupeperuka kama maji. Yanafyonza oksijeni ya hewa na kugandamana, na kazi hiyo hutoa joto. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo pamoja na vingine, joto hukosa pa kutokea na kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Kila jioni tandaza vitambaa kimoja kimoja kwenye kamba nje hadi vikakamae, au vitumbukize kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Usile ukiwa unapaka. Kadimi iliyo kwenye ile nyekundu ni sumu, si kiungo. Tapentaini chafu usimwage kwenye sinki: iache kwenye chupa, uchafu ushuke chini, umimine iliyo safi uitumie tena.

Hatua ya 7: Rangi

Kanuni moja inatawala tabaka zote: la chini liwe na mafuta kidogo kuliko la juu. Lenye mafuta mengi huchelewa kukauka na huendelea kujongea. Ukiweka juu yake tabaka kavu lililoshika haraka, la juu litapasuka. Kahawia yako ilikuwa na tapentaini. Tabaka hili la rangi tumia ilivyotoka kwenye tyubu, bila kuongeza kitu. La mwisho ndilo litapata matone machache ya mafuta ya kitani.

Anza na ukuta, maana ndio utakaokuambia ngozi ni ya rangi gani. Nyeupe, nyeusi ya pembe na oka zitakupa kijivu za kila namna. Nyeusi na nyeupe peke yake hutoa kijivu inayoelekea bluu. Oka huirudisha kwenye joto. Karibu na dirisha ukuta uwe baridi kidogo, ndani ya chumba uwe wa joto.

Ngozi. Mafunzo mengi yameandikwa kwa ngozi nyeupe, na mapishi yake ukiyaongezea kahawia tu yanatoa mtu aliyepauka, kama hajajipaka mafuta tangu Jumapili. Kupauka huko kunatokana na kosa moja: kuangaza ngozi kwa nyeupe. Jenga hivi. Ngozi ya kati: amba iliyochomwa, oka, na nyekundu kidogo sana. Kuelekea nuru ongeza oka kwanza na chembe ya nyekundu, nyeupe ije mwisho na iwe kidogo. Kuelekea kivuli tumia amba iliyochomwa na ultramarini, nyembamba, inayopitisha kahawia ya chini, bila nyeupe hata chembe. Kivuli chenye nyeupe huwa na ukungu. Kwenye kona za macho, kando ya pua, masikio na ncha za vidole kuna joto jekundu. Lione, liweke.

Kisha ule mng'ao. Ngozi nyeusi inayopokea mwanga wa anga huakisi anga lenyewe: kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua kuna vidoa baridi, karibu bluu. Chukua rangi ya kati, iongeze nyeupe na chembe ya ultramarini, weka mara moja na uache. Ukiusugua umeupoteza. Vidoa viwili vitatu vinatosha uso mzima. Saba vinafanya jasho.

Kanga itakujaribu. Ni nyekundu kali, ina jina, ina pindo, ina mkorosho. Ukiichora kama ilivyo dukani itatoka nje ya chumba. Upande wa kivuli ipunguze kwa amba hadi ionekane kama damu ya mzee. Nguvu ya nyekundu iache sehemu moja tu, begani penye nuru. Maandishi ya jina acha yapotee mkunjoni. Mwangalie pia shangazi chini ya kidevu: wekundu wa kanga unapanda hapo kwa nuru ya kurudi. Uweke kwa toni ya chini, ubaki ndani ya kivuli.

Mchele usihesabu punje. Paka rundo zima kwa kijivu cha joto, angaza upande wa dirisha kwa rangi nene, kisha kwa ncha ya brashi weka punje chache pembeni zilizotawanyika kwenye ungo. Jicho litajaza zilizobaki.

Zuio la kweli katika hatua hii ni kungoja. Tabaka lililokauka kuguswa huchukua siku chache hadi wiki mbili, kutegemea rangi. Nyeusi ya pembe huchelewa, amba huwahi. Masika yanaongeza siku. Dhidi ya vumbi la Moshi weka ubao ukiegemea ukuta, uso ukiinama kidogo kuelekea ukutani, hewa ikipita. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua za kwanza zima taa ya chumba hicho. Aliyekwisha kunasa mwache. Rangi ikikauka atatoka kwa kibano bila kuacha shimo.

Hatua ya 8: Kingo

Picha ikiwa imekauka, mwite shangazi kikao kimoja cha mwisho. Usimtazame yeye, tazama mipaka. Ni wapi ukingo wake uko wazi kabisa dhidi ya ukuta? Labda bega la nuru na ungo. Ni wapi umepotea? Mgongo ndani ya giza, nywele zilizo nyuma ya kilemba, mguu chini ya kigoda. Picha nyingi za wanaoanza zina kingo kali kote, na hapo ndipo zinapoanza kuonekana kama zimekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Chukua brashi laini kavu, au rangi ya ukuta yenye tone la mafuta, na yeyusha kingo zote isipokuwa tatu au nne unazotaka zionekane. Mimi kwa kawaida huacha mkono unaochambua, ukingo wa ungo na mstari wa paji la uso.

Kivuli kikubwa kikionekana kimekufa, kipake utando mwembamba wa amba iliyochomwa ndani ya mafuta ya kitani, unaoonyesha kila kitu chini yake. Pangusa uliozidi kwa kiganja. Usirudie zaidi ya mara moja. Kila utando unapunguza nuru.

Hatua ya 9: Kukauka, vanishi, safari

Mafuta ya kitani yakikaa gizani huwa ya njano, kwa hiyo usifungie picha kabatini au chini ya kitanda. Itundike chumbani penye mwanga wa kawaida, mbali na jiko la mkaa na mbali na jua la moja kwa moja. Ukilazimika kuisafirisha kabla haijawa ngumu, weka vipande vidogo vya mbao kwenye kona nne, funika kwa ubao mwingine wa ukubwa huohuo, funga kamba, uishike mwenyewe mapajani. Kule chini kwenye buti haina mtetezi.

Nyuma ya ubao andika kwa penseli mwezi na mwaka uliomaliza, rangi ulizotumia, na mafuta. Atakayeisafisha baada ya miaka mingi atahitaji kujua.

Vanishi ni baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Usihesabu kalenda peke yake. Lowesha pamba kwa tapentaini kidogo, sugua kona yenye rangi nene zaidi, kwa kawaida ni mchele. Pamba ikitoka na rangi, rudisha picha ukutani. Ikitoka safi, futa vumbi, laza ubao mezani siku kavu, paka vanishi mkono mmoja kutoka juu hadi chini kwa brashi pana, na usirudi juu ya ulipokwisha kupita.